Kope kwanza, mtoto wa jicho baadaye

Asalaam aleikum, na wengine habari za asubuhi. Shikamooni wazee wangu. Naona mumejaa mpaka mlangoni na kuna waliovuka feri tangu alfajiri, na jua hili la kurudi Likoni nalijua, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Haya mambo nimeamua kuyasema kwa sababu ya mamangu. Alipangiwa kutolewa mtoto wa jicho, akafunga kibegi chake na leso mpya, kufika kule daktari akamwambia aangalie chini, akammulika kope, kisha akamwambia mama nenda nyumbani wiki sita utibu kope kwanza. Mamangu alilia. Akaja akaniambia mwanangu, wameniona mchafu. Hilo neno liliniuma sana, maana mimi ni nesi wa macho na sikuwa nimewahi kumtazama kope mzazi wangu mwenyewe.

Alichokuwa nacho ni utitiri. Sio ule wa kuku, huu ni mwengine, kitaalamu waitwa Demodex, mdudu wa miguu minane, jamaa ya kupe na buibui, urefu wake haufiki hata nusu milimita kwa hivyo kwa macho matupu humuoni. Binadamu ana aina mbili, mmoja akaa kwenye tundu la kope, wa pili mfupi zaidi ajificha ndani ya vitezi vya mafuta kwenye ukingo wa kikope. Umri ukienda nao wazidi, ndio maana mzee wa miaka 70 kuwa nao si ajabu wala si aibu. Wachache hawana neno, taabu ni wakijaa. Na tafadhalini musimwite mtu mchafu, hapa kuna wazee watawadha mara tano kwa siku na bado wanao, sababu maji ya udhu yapita juu na wao wako chini shinani.

Dalili ni kuwashwa, kikope chekundu, kope kung'oka, na ile kubwa kabisa ni magamba yaliyozunguka shina la kope kama bangili. Tongotongo la kawaida lakaa popote, hili lavaa shina. Ukiambiwa angalia chini kwenye ile mashini ya kuweka kidevu, ndilo latafutwa.

Sasa mwaniuliza kope na mtoto wa jicho wapi na wapi, si yeye yuko ndani? Hapa ndipo nataka munisikize. Kabla ya operesheni jicho lapimwa ili ijulikane utawekewa lenzi bandia ya namba gani, badala ya ile yako iliyoingia ukungu. Mashini yapiga taa juu ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, na kusoma vile mwangaza warudi, na unaporudi warudi kutoka kwa utando wa machozi. Utitiri ukiziba vitezi vya mafuta machozi yakosa mafuta, yakauka haraka, utando wapasukapasuka, ni kama kujitazama kwenye maji ya kisima mtu ametoka kutia ndoo, uso wako waona lakini umepinda. Kipimo kikitoka hivyo lenzi yaweza kuchaguliwa si yako, na lenzi hiyo si miwani useme utaivua jioni, hiyo waishi nayo. Nimekutana na mzee alifanyiwa mahali bila kope kutazamwa, operesheni safi kabisa, lakini jicho lamuwasha, lamchoma, kuona kwenyewe si vile alitarajia, na alikuwa ameuza mbuzi wake kwa ajili hiyo.

La pili ni bakteria. Kikope kilichovimba chabeba bakteria wengi, na wakiingia ndani ya jicho siku ya operesheni mtu aweza kulipoteza. Siku hiyo utatiwa dawa ya povidone-iodine ya asilimia 5, hiyo yapunguza bakteria, lakini utitiri ni sugu, kwenye maabara umewekwa ndani ya dawa hiyo ya asilimia 10 ukakaa hai zaidi ya saa mbili. Hata shampuu ya watoto haiuui, yasafisha tu.

Matibabu basi. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kikope dakika tano hadi kumi, jaribu kwanza mkononi usije ukajiunguza, kisha futa shina la kope kwa vitambaa maalum vyenye dawa ya mafuta ya titrii, ule mti wa Australia. Nawaomba sana, musinunue kichupa cha mafuta yenyewe mukajipaka, yaunguza kioo cha jicho. Marekani mwaka 2023 walipitisha dawa ya matone, lotilana, mara mbili kwa siku wiki sita. Na wiki sita sio za kumtesa mtu, mdudu huyu aishi kama wiki mbili tatu, ukiacha mapema mayai yaangua na waanza upya. Wanja na maskara wekeni kando, foronya zifuliwe kwa maji moto. Ila kama daktari asema jicho lako haliwezi kungoja, mfuate yeye.

Mamangu alirudi baada ya wiki sita, akapimwa upya, na namba ya lenzi ikatoka tofauti na ile ya mwanzo.

Haya, tochi ninayo na kioo cha kukuzia ninacho. Bibi wa leso nyekundu hapo mbele, njoo mamangu, keti, angalia chini.