Somo la mifumo endeshi: kitabu kimoja, kerneli moja, mashine moja

Habari za asubuhi jamani. Walio nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa niwaeleze vya kusomea somo la mifumo endeshi, na najua mlichokuja kuchukua ni orodha. Nitaje vitabu saba, mvipakue leo, viingie kwenye folda, na folda ilale hapo mpaka wiki ya mtihani. Orodha hiyo siitoi. Somo hili halina njaa ya nyenzo, lina shibe inayolemea. Chukua kitabu kimoja, kerneli moja ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, na mashine usiyoogopa kuiharibu. Ukivitumia vitatu hivyo pamoja, muhula mzima umetosheka.

Nianze na kitabu, maana hapo sina mengi. Kile cha Silberschatz na wenzake, chenye dinosaria kwenye jalada, kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na mpaka leo vyuo vinakitumia. Ni kizuri unapotafuta maana ya kitu fulani haraka. Kukisoma mfululizo kama hadithi, utasinzia. Anayejisomea mwenyewe namwelekeza kwa Remzi na Andrea Arpaci-Dusseau wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kitabu chao wamekiweka wenyewe mtandaoni, sura moja moja, bila malipo, kwa hiyo hakuna haja ya kuiba. Kimejengwa juu ya maswali matatu: prosesa na kumbukumbu zinagawanywaje hata kila programu ijione iko peke yake, kazi nyingi zinaendaje kwa pamoja bila kuvurugana, na data inabakije salama kwenye diski umeme ukikatika. Sura ni fupi. Moja kwa kikao kimoja, inatosha.

Slaidi za mhadhiri? Slaidi zinakuonyesha mhadhiri anapenda nini, basi. Huwezi kuielewa kumbukumbu pepe, ile inayofanya kila programu ijione ina kumbukumbu yake peke yake, kwa vishale na visanduku.

Sasa tuje kwenye kerneli, ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 1975 lilitoka toleo la sita la mfumo endeshi wa Unix, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, John Lions, aliuchapa msimbo wa kerneli hiyo pamoja na maelezo yake ili wanafunzi wausome mstari kwa mstari. Mistari yenyewe haikufika elfu kumi. Mtu mmoja aliweza kuimaliza yote akajua mfumo mzima unavyofanya kazi, kuanzia mashine inapowashwa. Kisha likaja toleo la saba, na leseni yake ikakataza msimbo kufundishiwa darasani. Watu walifanyaje? Walipiga fotokopi. Maelezo ya Lions yalipita mkono kwa mkono kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuchapishwa hadharani, 1996. Kutokana na katazo hilo hilo, Andrew Tanenbaum aliandika Minix, mfumo mdogo wa mtindo wa Unix uliotoka 1987, ili awe na kitu cha kufundishia. Na Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991, mashine yake ilikuwa na Minix.

Nayasema haya kwa sababu kuna kijana kila mwaka huniambia, mwalimu, mimi nitasoma kerneli ya Linux moja kwa moja. Linux ya leo ina makumi ya mamilioni ya mistari. Utaingia kutafuta jinsi mchakato, yaani programu inayoendeshwa, unavyozaliwa, na baada ya saa mbili umo kwenye dereva ya kadi ya sauti. Soma xv6. Ni Unix ya toleo la sita iliyoandikwa upya MIT mwaka 2006 kwa ajili ya darasa, siku hizi inaendeshwa kwenye prosesa za RISC-V, na inakuja na kijitabu chake. Ni ndogo kiasi kwamba ukipotea unapata njia ya kurudi.

Niwape mfano. Kila mwanafunzi anasumbuliwa na fork, wito wa kuzaa mchakato mpya kwa kunakili uliopo. Kitabu kinasema inaitwa mara moja na kurudi mara mbili: kwa mzazi inarudisha namba ya mtoto, kwa mtoto inarudisha sifuri. Watu wanaikariri kama dua. Fungueni faili la proc.c ndani ya xv6, muitafute fork (matoleo mapya yanaiita kfork). Mtaona inatafuta nafasi kwenye jedwali la michakato, ambalo lina nafasi 64 tu. Inanakili kumbukumbu ya mzazi. Inanakili rejista zake zilizohifadhiwa, yaani thamani za vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa. Halafu kuna mstari mmoja unaoweka sifuri kwenye a0 ya mtoto. Katika RISC-V, a0 ndiyo rejista inayobeba jibu la wito. Kwa hiyo mtoto anapoamka anajikuta pale pale alipokuwa mzazi, na mkononi ana sifuri. Muujiza wote ni mstari mmoja.

Ukishaona hilo, nenda kaliharibu. Kwenye kalloc.c, ambako kerneli inagawa kurasa za kumbukumbu, yaani vipande vyake, kuna kufuli linalozuia prosesa mbili kugusa orodha kwa wakati mmoja. Liondoe kwenye kalloc, washa mfumo, uendeshe amri chache. Huenda usione kitu chochote! Mfumo utawaka na ls, amri ya kuorodhesha faili, itafanya kazi vizuri. Endesha sasa usertests, majaribio yanayokuja nayo, ukiwa na prosesa zaidi ya moja, uone kama mambo yatabaki vile vile. Kabla hujabonyeza, andika kwenye karatasi unategemea nini kitokee na kwa nini. Kosa la aina hii likija linakuja, lisipokuja unadhani uko salama, na hakuna kitabu kinachoweza kukufikishia hali hiyo.

Cha tatu ni mashine yenyewe. Hapa nataka mzoee amri mbili. Ya kwanza ni man. Andika man 2 fork. Ile 2 ni sehemu ya miito ya mfumo, yaani maombi ya programu kwa kerneli, 3 ni ya maktaba. Ya pili ni strace. Andika strace ls, utaona programu inavyoiomba kerneli kila kitu: openat kufungua folda, getdents64 kusoma yaliyomo, write kuyatoa kwenye skrini.

Jaribuni hili leo usiku. Andikeni programu ya C ya mistari miwili: printf ya neno habari ikiishia na mstari mpya, halafu fork. Iendesheni kwenye terminali: habari itatokea mara moja. Sasa elekezeni matokeo kwenye faili, mfungue faili. Habari mbili! Programu ni ile ile, hamkugusa hata herufi. Kwenye terminali maktaba inamwaga bafa, pale inapoweka maandishi kwa muda, kila mstari unapoisha, kwa hiyo fork inakuta bafa tupu. Kwenye faili inasubiri bafa ijae au programu iishe, basi fork inanakili bafa ikiwa na neno ndani, na kila mmoja anamwaga lake. Hakikisheni kwa strace -f mkiwa bado mmeelekeza kwenye faili, mtaona write mbili. Umeshika maktaba, kerneli na mchakato kwa programu ya mistari miwili.

Tahadhari moja kuhusu nyenzo za zamani: angalia mwaka. Ukikuta maandishi yanasema Linux inagawa muda wa prosesa kwa njia iitwayo CFS, yalikuwa kweli tangu 2007, ila tangu toleo la 6.6 la 2023 EEVDF imechukua nafasi hiyo. Algoriti za kupanga safari za kichwa cha diski nazo zina maana ndogo kwenye SSD isiyo na kichwa. Lakini zikija kwenye mtihani zijibu, usibishane na msahihishaji.

Na mitihani ya nyuma, kwa sababu nawaona mnasubiri. Itumieni, ila baada ya kufanya kazi. Swali la kubadilisha kurasa, yaani ukurasa upi utolewe kumbukumbu ikijaa, haliachi kuja. Chukua mfuatano 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5, ukokotoe kwa mkono kwa njia ya anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Kwa fremu tatu, yaani nafasi tatu za kurasa, utapata makosa ya kurasa 9, mara ambazo ukurasa unaotakiwa haumo kwenye kumbukumbu. Kwa fremu nne utapata 10. Umeongeza kumbukumbu na hali imekuwa mbaya zaidi. Bélády na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1969. Aliyekariri jibu atakwama mfuatano ukibadilishwa namba moja.

Mwenye Windows asihangaike kufuta kitu. Weka WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, au Linux ndani ya mashine pepe, kisha QEMU, programu inayoigiza kompyuta, na kompaila ya RISC-V. xv6 inaendeshwa ndani ya QEMU, ikianguka inaanguka humo humo, kompyuta yako haidhuriki. Haya, mikono juu, tuanze na wa dirishani.