Barua ya Usimamizi Si Hati ya Shamba: Mhadhara, Newala

Asanteni, kaeni. Nyie wa nyuma sogeeni, huku mbele hakuna simba.

Najua mmekuja kusikia kesi za mirathi za matajiri. Mnamtaka Mbiyu Koinange, waziri wa Kenya aliyefariki 1981, familia yake ikavutana mahakamani zaidi ya miaka thelathini. Mnamtaka hayati Reginald Mengi, mfanyabiashara wetu aliyetutoka 2019, wosia wake ukakataliwa na Mahakama Kuu 2021. Haya, nimewataja. Turudi kwenye mikorosho.

Nikiwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, aliingia ofisini kwangu bwana mmoja na mfuko wa nailoni. Ndani mna barua ya usimamizi wa mirathi, ile ya mahakama inayokuteua usimamie mali za marehemu, imekunjwa mara nne, muhuri umefifia kwa jasho. Akaikunjua mezani, akaipiga pasi kwa kiganja. "Mheshimiwa, naibiwa shamba langu."

Shamba langu! Ekari kumi na mbili za marehemu kaka yake. Anayekuibia nani? "Watoto wa kaka." Yaani watoto wa marehemu ndio wezi! Msimu wa tatu huo anavuna korosho, anapeleka chama cha msingi cha ushirika, malipo yanaingia kwenye akaunti yake. Shemeji yake, mjane aliyekuwa akipuliza salfa kwenye mikorosho na marehemu, kaachiwa mabibo akamue uraka, ile pombe yake.

Nikamwambia, nipe Fomu Namba 5. "Ndiyo ipi?" Orodha ya mali na madeni! Kanuni inaitaka ndani ya miezi minne tangu uteuliwe. Kisha Namba 6, hesabu. Akanijibu, wala sitanii: "Mimi nilichaguliwa na kikao cha ukoo."

Jamani! Ukoo ulikuchagua ukusanye, ulipe madeni, ugawe, ufunge mirathi. Wewe tarishi. Tarishi gani anafungua barua ya watu, anaisoma, halafu anajibu yeye?

Mzee wangu pale anaguna. Najua: huku kwetu ukoo ni wa mama, watoto ni wa wajomba zao. Sawa, mila ipo na mahakama ya mwanzo inaisikiliza. Lakini nitajie mila inayosema msimamizi haulizwi hesabu. Mjomba wa zamani aliulizwa chini ya mwembe, mbele ya wapwa wote, na akila peke yake anaonekana. Huyu wangu alikuwa anajificha nyuma ya muhuri.

Usimamizi wake tuliutengua, akateuliwa mwingine. Hela za ile misimu miwili ya kwanza? Kulikuwa na pikipiki, nayo ilishauzwa.

Nilikuwa na mambo manne, hili la kwanza, na mwenyekiti ananionyesha saa. Wosia: andika ungali na akili zako, na shahidi asiwe mtu unayemrithisha. Mali za mirathi ya Kiislamu tutazisema siku nyingine, na shehe awepo, nisije nikagombana naye peke yangu.

Mama wa kanga ya kijani, uliza. Umenyoosha mkono tangu niliposema uraka.