Mpira Ukiisha, Unaweza Kuwa Fizio wa Klabu Uingereza?

Kila nikifungua maoni nakuta swali lilelile: mchezaji akistaafu, anaweza kubaki klabuni kama fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo? Leo nalijibu. Najua wapo watakaosema najigamba na Uingereza, na wengine watasema nawavunja vijana moyo. Sina nia hizo. Nataka kusema habari ya karatasi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama.

Mnaonitajia Bob Paisley kama mfano wa mchezaji aliyegeuka fizio, mko sahihi. Aliacha kucheza Liverpool mwaka 1954, akajifunza tiba kwa kozi ya posta, akatibu wachezaji. Bertie Mee naye alikuwa winga, akaumia, akawa fizio wa Arsenal mwaka 1960, na miaka sita baadaye akawa kocha mkuu. Lakini zama hizo zimepita. Gary Lewin, kipa wa vijana wa Arsenal, ilibidi asomee fiziotherapia hospitalini kwanza ndipo akarudi klabuni.

Leo jina "fiziotherapisti" linalindwa na sheria. Ukijiita hivyo bila kusajiliwa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya Uingereza, ni kosa la jinai. Hata uwe umecheza ligi kuu miaka kumi, haikusaidii hapo.

Ukisomea hapahapa, digrii ni miaka mitatu, na ndani yake kuna takriban saa 1,000 za mazoezi hospitalini na kliniki. Hizo saa hulipwi. Mwanafunzi wa England mwaka 2025/26 analipa ada hadi pauni 9,535 kwa mwaka. Anayetoka nje analipa zaidi sana. Na sikilizeni vizuri hapa: viza ya mwanafunzi hairuhusu kucheza mpira wa kulipwa wala kufundisha michezo kwa malipo. Ule mpango wa "nitajisomesha kwa ligi ndogo" unaweza kukuondolea viza. Inaniuma kuona mawakala wanachukua pesa za vijana na hili hawalitaji. Aliyewahi kuwa mchezaji wa kulipwa hapa aulize PFA, chama cha wachezaji. Huchangia masomo ya wanachama, hata waliostaafu.

Mwenye digrii ya nyumbani anaomba HCPC moja kwa moja. Fomu ya maelezo ya kozi yako huijazi wewe, hujazwa na chuo chako. Chuo kikichelewa, ombi linalala. Jina la cheti likitofautiana na la pasipoti, tafuta hati ya kiapo mapema. Kiingereza kikihitajika, alama ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, ni 7 kwa jumla, pasipo sehemu iliyo chini ya 6.5.

Kazi yenyewe je? Chukua msuli wa nyuma ya paja uliochanika. Mchezaji anasema yuko fiti, kocha anamtaka Jumamosi. Fizio anamlaza kifudifudi, anakandamiza kipimo cha mkononi kisiginoni, anapima nguvu za miguu yote miwili na kulinganisha. Halafu anamkimbiza, si mbio za taratibu tu. Asipofika karibu na kasi yake ya juu mazoezini, msuli unaweza kuchanika upya kwenye mbio kali ya mechi. Goti lililofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya mbele, kano inayoshikilia goti, ni miezi tisa angalau, na kabla ya kurudi tofauti ya nguvu za miguu iwe chini ya asilimia 10.

Hapa mchezaji wa zamani ana faida: anaiona hofu ya mwenzake kabla haijasemwa. Ana hatari pia. Akikumbuka alivyocheza na sindano ya maumivu, anaweza kumpitisha mtu ambaye vipimo vinamkataa.

Kila mtu na hali yake. Hili silo agizo. Ila kama bado uko nyumbani, nenda chuoni kwako sasa ukachukue mtaala wa kila somo, wenye saa na mhuri. Ukishapanda ndege, kumpata msajili wa chuo kwa simu ni shughuli nyingine.