Wekundu Ukiondoka, Virusi Bado Vimo

Wenzangu wa zahanati na maduka ya dawa, asanteni kwa kunikaribisha.

Leo nataka tumzungumzie mgonjwa mnayemfahamu. Anameza prednisoloni, kidonge cha steroidi kinachotuliza uvimbe na kushusha kinga, kwa muda mrefu, kwa sababu ya figo au lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Anakuja na jicho moja jekundu, linachoma, linatoa machozi, halitaki mwanga. Anaomba matone ya deksamethasoni, nayo ni steroidi, kwa sababu jirani yake aliyatumia wakati wa mlipuko wa macho mekundu wa mwaka 2024. Nawasihi, msimpe.

Virusi vya hepesi, hivi hivi vinavyoleta vidonda vya midomo, wengi wetu tunavyo tangu utotoni. Vimejificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, na kinga ya mwili ndiyo inayovidhibiti. Prednisoloni ikishusha kinga hiyo, vinaweza kuamka na kushambulia konea, sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Tukidondoshea rangi ya fluoresini na kumulika kwa taa ya buluu, kidonda kinang'aa kijani, kina matawi membamba yenye vinundu kwenye ncha. Ukishakiona mara moja hukisahau.

Sasa mtilie steroidi peke yake. Wekundu unapungua, maumivu yanatulia, mgonjwa anakuja kukushukuru. Mbwa amefungwa mdomo, na mwizi bado yumo ndani. Matawi yale yanatanuka, yanakuwa kidonda kipana, na kikipona kinaacha kovu jeupe pale pale anapoonea. Hili linaniuma sana, maana dawa ya virusi hivi, asiklovia, ipo.

Steroidi si sumu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba matone yake husaidia hepesi ikishaingia tabaka la ndani la konea, ila yalitolewa pamoja na dawa ya virusi, chini ya macho ya wataalamu. Wala msimwambie mgonjwa aache prednisoloni ghafla, anaweza kuzirai na hata kufa. Aliyemwandikia ndiye ampunguzie.

Mkanda wa jeshi nao usiwapite. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso, hasa yakifika ncha ya pua, jicho limo hatarini, na dawa ya virusi ianze ndani ya saa 72.

Vichupa hivi vipitisheni mkono kwa mkono. Someni maandishi madogo: vingi vinauzwa kama antibayotiki, kumbe deksamethasoni imo.