Swichi Haiwashi Taa, Inaomba

Mbukwenyi! Asanteni. Shikamooni wazee wangu, na vijana wa gereji nawaona mmejazana kule mlangoni kama kawaida yenu. Kabla sijaanza, nina ombi moja. Lile gari dogo jeupe chini ya mwarobaini lina mlango wa dereva wazi na boneti iko juu. Nimefanya makusudi. Mtu asiufunge ule mlango, wala asiliguse gari. Ufunguo wake wa rimoti nimeuacha mbali nalo, na hilo pia ni makusudi. Tutalirudia.

Nimeitwa nizungumzie kompyuta ya bodi, ile inayoshughulika na taa, indiketa, wipa, honi, loki za milango, vioo vya umeme. Ya injini ni nyingine, yenye hesabu zake za mafuta na cheche. Sisi mafundi zote tunaziita kontroli boksi, na hapo ndipo ugomvi na wateja unapoanzia, maana mteja akisikia kontroli boksi imekufa anajua kesho ataambiwa anunue injini.

Wazee mnaikumbuka Land Rover ya zamani. Ukivuta swichi ya taa, umeme wenyewe ulipita pale chini ya kidole chako. Taa moja ya wati 55 inakula karibu ampea 4 na nusu, mbili ni 9. Ndiyo maana swichi zilikuwa zinachemka hadi zinanuka. Ikaja relei, swichi inayovutwa na umeme mdogo, ikapokea mzigo huo. Leo swichi nyingi hazibebi kitu. Swichi inaomba tu. Inaiambia kompyuta kwamba dereva anataka taa, na kompyuta ndiyo inayoamua, kisha inawasha kwa relei au kwa transista, swichi ya kielektroniki iliyo tumboni mwake.

Kwa hiyo mteja akija na taa isiyowaka, usikimbilie taa. Jiulize kwanza kama ombi limefika, kama limekubaliwa, na kama amri imetekelezwa.

Ombi lenyewe huharibika njiani. Swichi nyingi za kwenye usukani hutumia waya mmoja kwa kazi kadhaa: kila nafasi ya swichi ina ukinzani wake, yaani kiasi chake cha kuuzuia umeme, na kompyuta inasoma volti ijue umebonyeza nini. Sasa leta vumbi letu la kiangazi, huu upepo wa Julai mpaka Oktoba. Likikaa kwenye mguso wa swichi, ukinzani unabadilika, na kompyuta inasikia neno lingine. Nililetewa gari ambalo wipa zilikuwa zinafagia kioo kikavu jua la saa saba. Mwenyewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ana jirani asiyempenda. Nilifungua swichi, nikaisafisha kwa dawa ya kusafishia miguso. Jirani hakuhusika.

Kompyuta ya bodi haiko peke yake. Kuna ya injini, ya breki, ya eabegi, na zote zinasemezana kwenye nyaya mbili zilizosokotwa. Utaratibu huo unaitwa CAN. Waliobuni ni Bosch wa Ujerumani, wakautangaza Detroit mwaka 1986. Ninachoupendea ni adabu yake. Kila anayesema anasikiliza pia. Wawili wakianza kwa pamoja, mwenye ujumbe wa namba ndogo anaendelea, mwingine ananyamaza na kungoja zamu, na hakuna neno linalopotea. Laiti mikutano ya mtaa wetu ingekuwa hivyo! Ndiyo inayofanya, kwa magari mengi, eabegi ikilipuka, kompyuta ya bodi isikie papo hapo, ifungue loki za milango na kuwasha hazadi. Kuipima si kazi: chomoa betri, weka mita ya omu kwenye pini ya 6 na ya 14 za plagi ya kupimia. Ukipata 60, njia kuu iko salama, kwa sababu kila ncha ina kizuizi cha omu 120 na viwili sambamba vinatoa 60. Ukipata 120, kuna upande umekatika.

Sasa niwaambie kosa langu, maana vijana hawa wanadhani nilizaliwa na mita mkononi. Mwalimu mmoja kutoka Kongwa aliniletea gari. Kioo cha nyuma kushoto kinashuka, hakipandi, na loki ya mlango huohuo inafunga ikijisikia. Nikapima kidogo, nikatoa hukumu: boksi. Mwalimu akaagiza boksi la mtumba Dar, likaja kwa basi, nikalifunga. Gari likakataa kuwaka kabisa! Kwa gari lile, kompyuta ya bodi ndiyo pia inayotambua chipu ya ufunguo, na boksi la mtumba linazijua funguo za gari lilikotoka. Nikarudisha la zamani, likawaka. Ndipo nikavuta ule mpira unaopitisha nyaya kati ya nguzo na mlango. Waya mmoja umekatika ndani ya ngozi yake, mwingine umebakiza nyuzi mbili tatu. Mlango ulikuwa umefunguliwa na kufungwa mara elfu kadhaa, ukazivunja kidogo kidogo. Pesa ya boksi nilimrudishia mwalimu kwa awamu.

Na eathi, ile njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari. Gari limetoka kupigwa rangi, ukikanyaga breki indiketa ya kulia nayo inawaka kiuvivu. Washa taa zote za nyuma, ncha nyeusi ya mita weka hasi ya betri, nyekundu weka kwenye eathi ya taa. Isizidi volti 0.2. Mimi nilisoma karibu 3. Umeme ulikosa njia ya kurudi ukapitia taa ya jirani. Kukwangua rangi na kukaza bolti kulichukua dakika kumi.

Jingine linalowachanganya wengi: fyuzi haijaungua, taa haiwaki. Ile transista ikiona mzigo umezidi, inajikata yenyewe kabla fyuzi haijaungua. Uliyedandia spotilaiti kwenye waya wa taa ya kawaida, hapo umejijibu. Ukiweka balbu za LED kwenye indiketa, mambo yanageuka: mzigo ni mdogo mno, kompyuta inadhani balbu imeungua, indiketa inakimbia kama imeibiwa. Na ule mchezo wa kuchomoa terminali ya betri injini ikiunguruma, eti unapima alteneta, uacheni. Volti zinaruka kwa makumi, na boksi haziombi radhi zikifa.

Ndiyo, mama pale katikati. Anasema akipanda treni ya SGR kwenda Dar akakaa wiki, akirudi betri imekufa, na ameshanunua mpya.

Mama, gari lako halilali. Ukilifunga, kompyuta zinatakiwa kusinzia moja moja, na gari zima libaki likila kama miliampea 50 au chini. Kwa siku ni ampea-saa 1.2, wiki ni 8.4, na betri ya ampea-saa 60 inavumilia. Lakini kitu kikiziamsha, tuseme ni miliampea 500, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku. Siku tano imekwisha, na stata itakataa hata kabla. Mara nyingi ni kifaa cha kufuatilia gari au redio iliyofungwa vibaya, au ufunguo wa rimoti unaoning'inia ukutani hatua mbili kutoka lilipo gari.

Ndiyo maana ya lile gari la nje. Komeo la mlango nimelizungusha kwa bisibisi, gari linaamini mlango umefungwa, kumbe nina nafasi ya kufikia fyuzi bila kuliamsha. Limekaa zaidi ya nusu saa sasa, litakuwa limesinzia. Kijana, chukua ile mita ya kubana kwenye waya, si ile ya kuchomoa terminali, maana ukiirudisha tu unaliamsha. Tutoke polepole, na mama uwe mbele.