Phil Collins Hakuacha Ngoma

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Phil Collins akitajwa mbele ya mashabiki wa roki, mara nyingi hukumu huwa imeshatolewa: alikuwa mpiga dramu hodari, akaharibika alipoanza kuimba. Jioni hii naipinga hukumu hiyo. Sisemi kazi zake zote ni nzuri, maana zipo nyimbo zake ambazo hata mimi nikizisikia redioni nahama stesheni. Ninachobisha ni ule mstari unaochorwa katikati ya maisha yake, eti huku fundi, kule muuza nyimbo za mapenzi.

Ufundi wenyewe haubishaniwi, lakini tuusikilize vizuri. Collins, mzaliwa wa London mwaka 1951, aliingia Genesis mwaka 1970. Bendi hiyo ilipenda nyimbo ndefu. "Supper's Ready" ya mwaka 1972 inapita dakika 20, na ndani yake kuna sehemu inayohesabiwa kwa mapigo tisa badala ya manne ya kawaida. Mwaka uliofuata, nusu ya pili ya "The Cinema Show" ikaenda kwa saba. Asiyejua kuhesabu hasikii tatizo lolote, anatikisa kichwa tu, na hapo ndipo ilipo sifa ya Collins. Wenzake wengi wa roki ya aina ile walitaka uione hesabu. Yeye, kijana aliyependa santuri za Motown, kampuni ya muziki wa soul ya Detroit, alitaka ucheze. Pembeni alipiga jazi iliyochanganywa na roki katika kundi la Brand X, na mwanamuziki Brian Eno alimwita studio kwa albamu yake ya mwaka 1975.

Mwaka huohuo Peter Gabriel, mwimbaji wa Genesis, aliondoka. Wakajaribiwa waimbaji wengi, mwishowe kazi ikamwangukia aliyekuwa amekaa nyuma ya dramu. Ziarani akatafutwa mtu wa kushika fimbo: kwanza Bill Bruford, kisha Chester Thompson, aliyewahi kupiga na mpiga gitaa Frank Zappa na kundi la jazi la Weather Report. Ila sehemu ndefu zisizo na maneno zikifika, Collins alikuwa akirudi kwenye dramu zake, wakapiga wawili.

Sasa tuingie studio, London, mwaka 1979, kwa sababu hapa ndipo kesi yangu inaposimama. Gabriel anarekodi albamu yake ya tatu, na Collins amekuja kumpigia. Gabriel ametoa amri ya ajabu: matoazi hayatakiwi. Studio ile ilikuwa na maikrofoni juu, ya kuwawezesha watu wa chumba cha mitambo kusikia wanamuziki wakizungumza, na sauti yake ilibanwa kwa nguvu ili hata mnong'ono usikike. Ikafunguliwa wakati Collins anapiga. Ngoma ikavimba, ikajaza chumba. Fundi mitambo, Hugh Padgham, akaweka kifaa kinachoukata mwangwi kabla haujafifia wenyewe: pigo kubwa, kisha kimya cha ghafla. Matoazi yangekuwepo, ukelele wake ungeufunika ujanja wote. Sauti hiyo ya wimbo wa "Intruder" ilinakiliwa miaka ya 80 hadi ikachosha, lakini lawama hiyo wapewe walionakili.

Collins aliondoka na somo moja: kimya nacho ni chombo cha mpiga dramu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akawa nyumbani na mashine ya mapigo ya Roland, akatunga "In the Air Tonight", iliyotoka mwaka 1981. Mashine inagonga kidogokidogo, kinanda kinaning'inia, sauti inalalamika. Dakika tatu na nusu zinapita bila dramu halisi. Halafu zinaanguka zote kwa pamoja. Mwimbaji wa kawaida angeziingiza kwenye kiitikio cha kwanza ili wimbo uuzike. Ahmet Ertegun, bosi wa kampuni ya santuri ya Atlantic, aliuliza hivyohivyo, pigo liko wapi, na toleo la singo likaongezewa dramu za mapema. Toleo la albamu, lenye subira, ndilo watu wanalolijua leo.

Waliomsoma vizuri zaidi hawakuwa waandishi wa roki. Walikuwa weusi wa Marekani. Wapulizaji wa Earth, Wind & Fire walikuwemo kwenye albamu yake ya kwanza, Philip Bailey wa kundi hilo akaimba naye "Easy Lover", na baadaye marapa DMX na Bone Thugs-N-Harmony wakajenga nyimbo zao juu ya zake. Mwaka 2001 ilitoka albamu nzima ya wasanii wa R&B na hip hop wakiimba kazi zake. Rapa anatafuta nafasi ya kuweka maneno, na Collins alikuwa ameiacha nafasi hiyo.

Sitetei kila kitu. Wimbo wake "Sussudio" unafanana mno na kazi za mwanamuziki Prince. Tarehe 13 Julai 1985, siku ya Live Aid, tamasha la kuwachangia wenye njaa Ethiopia, aliimba London, akapanda ndege ya kasi ya Concorde, akaimba tena Philadelphia na kuwapigia dramu bendi ya Led Zeppelin katika onyesho ambalo halimpi heshima yeyote aliyekuwa jukwaani. Watu walimchoka kwa kumwona kila mahali, na nawaelewa.

Ila angalieni mwaka 2010. Uti wa mgongo umemletea matatizo, mikono haishiki fimbo. Anarekodi nyimbo za Motown pamoja na baadhi ya wanamuziki waliozipiga Detroit. Mtu aliyeiacha ngoma kwa ajili ya kuimba angeajiri mpigaji, pesa anazo. Collins alizifunga fimbo mikononi kwa utepe, akapiga mwenyewe.

Fundi, tuwekee "Intruder" kwanza, kisha ile ya mwaka 1981 toleo la albamu, bila kukatisha. Maswali tutayachukua baada ya hapo.