Risasi Isiyo na Mlio

HAWA: Jumatatu nilikwenda Mikindani kumtazama mtamba wa shemeji yangu, aliyekuwa akizunguka zizini na kugonga nguzo kana kwamba haoni, na nyuma ya zizi nikakuta betri ya gari iliyopasuka, imelambwa mpaka imeng'aa. Nilipotamka kwamba ninashuku risasi, shemeji alikimbia kumwita balozi wa nyumba kumi.

SELEMANI: Naye balozi akaja kutafuta tundu.

HAWA: Alilitafuta kwa tochi, Kaka Sele, tena mchana, kisha akauliza ni nani mtaani mwenye bunduki. Nilitumia nusu saa kumweleza kwamba madini haya na kile kitokacho kwenye mtutu tumevipa jina moja.

SELEMANI: Muuaji anatafutwa, kumbe amelala jalalani.

HAWA: Risasi hii huingia kwa ulimi, na ikifika kwenye damu sehemu yake kubwa hujishikiza kwenye chembe nyekundu, ndiyo maana nilichukua damu nzima badala ya maji yake. Katika uboho huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza himu, ile sehemu ya hemoglobini inayobeba chuma, na huzuia pia kimeng'enya kinachofagia mabaki ya RNA, ile kemikali inayosaidia kujenga protini, ndani ya chembe changa, hivyo mabaki hayo huonekana kwenye darubini kama vidoa vya buluu. Vidoa hivyo nimeviona.

SELEMANI: Hapo ninakataa, Dada Hawa. Ng'ombe yeyote anayefidia damu iliyopungua anaweza kuwa na vidoa hivyo, na kupe nao huleta ndigana baridi, ambayo vijidudu vyake huonekana kama vitone ndani ya chembe.

HAWA: Vitone vya ndigana hukaa ukingoni, ilhali hivi vimetapakaa chembe nzima. Tena ndigana gani inayopofusha?

SELEMANI: Risasi inayompofusha ng'ombe ghafla kwa kawaida humwangusha kabla upungufu wa damu haujajitokeza, sasa vidoa vyako vilipata wapi muda? Mpaka maabara ipime kiasi cha risasi, mimi ninasema kupe.

HAWA: Nani aliyehesabu siku alizolamba? Mimi ninasema betri.

SELEMANI: Balozi anasema bunduki, kwa hiyo tuko watatu.

HAWA: Wewe na balozi mnakaribiana kuliko unavyodhani.

SELEMANI: Dakika zetu zinakwisha, na tuliahidi kueleza jinsi shaba inavyojilimbikiza kwenye ini la kondoo kisha ikamwagika ghafla na kupasua chembe zake nyekundu, pamoja na habari ya mbwa anayemeza kitu chenye zinki.

HAWA: Kondoo na mbwa watasubiri, kwa maana shemeji anapiga simu. Anasema balozi amerudi na mgambo mwenye gobole, na wanataka mtamba alazwe chini ili wautazame ubavu wa pili.